Maswali ya Wasomaji: Akinenepa Mmoja Nyumbani, Abadilike Nani?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi zinauliza kuhusu unene, kisukari na presha, na karibu zote zinamtaja mtu mmoja, awe mtoto, mzazi au mwandishi mwenyewe, kana kwamba mtu huyo anajinunulia, anajipikia na kula peke yake. Nimechagua barua nne. Majibu yangu yanaihusu nyumba nzima hata pale swali linapomhusu mtu mmoja, na sababu yake itaonekana tangu barua ya kwanza, ambayo nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine.

SWALI: Mtaalamu, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sakina, Arusha. Mwanangu wa pili ni wa kiume, ana miaka 9, uzito wake ni kilo 40 na urefu wake ni sentimita 135. Shuleni wenzake wanamwita "Bonge", na siku hizi hataki tena kwenda kucheza mpira. Nimemkataza chipsi, soda na biskuti, lakini kaka yake na mdogo wake, ambao ni wembamba, nawaachia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema namtesa mtoto kwa njaa, na nikiwa kazini anampa maandazi kwa siri. Baba yake anasema atapungua mwenyewe akikua. Nani yuko sahihi, na nifanye nini?

JIBU: Mama, umefanya vizuri kupima kabla ya kuuliza, maana jicho la mzazi hudanganyika kirahisi kwa mtoto anayemwona kila siku. Chukua kilo 40, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo, yaani 1.35 mara 1.35, nawe utapata karibu 22, ambao ndio uwiano wa uzito na kimo. Mtu mzima mwenye 22 hana tatizo, kwa kuwa kwake uzito uliozidi huanzia 25 na kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, huanzia 30. Watoto, hata hivyo, wana majedwali yao yanayofuata umri na jinsia, na katika jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007 mvulana wa miaka 9 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi akipita karibu 18, na kuwa na kiribatumbo akipita karibu 20 na nusu. Wasiwasi wako, kwa hiyo, una msingi. Mpeleke kwenye kituo cha afya apimwe upya kwa mizani inayoaminika, apimwe na shinikizo la damu, na umweleze daktari iwapo mtoto anakoroma sana usiku au ana weusi mzito shingoni na makwapani unaofanana na uchafu lakini hautoki kwa kuoga. Weusi huo mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu.

Baba yake amepata nusu ya jibu. Mtoto anayeendelea kurefuka anaweza kubaki na uzito uleule kwa muda mrefu huku kimo kikiongezeka, na uwiano ukajirekebisha wenyewe. Ndiyo sababu kwa watoto wengi wa umri wake lengo la kwanza huwa ni kuzuia kilo zisiendelee kupanda, wala si kumkondesha. Usimpangie mlo wa kupunguza uzito bila daktari. Nusu aliyoikosa baba ni kwamba kimo hakiwezi kufanya kazi hiyo endapo kila kitu kingine kitabaki kama kilivyo, na kwamba mtoto anayeingia ujanani akiwa na kiribatumbo mara nyingi huingia nacho utu uzima.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimwone kama mpinzani wako. Kizazi chake kililea watoto wakati ambapo surua na utapiamlo vilikuwa vikiwachukua kwanza waliokonda, kwa hiyo kwake mashavu ya mjukuu ni ushahidi kwamba nyumba ya mwanawe ina riziki. Hata leo mtu akipungua kidogo mtaani ataulizwa anaumwa nini, na mke akinenepa baada ya harusi, mume ndiye anayesifiwa kwamba anatunza. Fikra hizo haziondoki kwa kumkemea mzee jikoni. Tena, katika jambo moja bibi ameona vizuri kuliko wewe: mtoto anayenyimwa kile ambacho kaka yake anakila mbele ya macho yake hajifunzi lishe, bali anajifunza kwamba yeye ndiye mwenye kosa katika nyumba, na mtoto wa namna hiyo hujifunza upesi kula kwa kujificha. Huyo kaka mwembamba anayekunywa soda kila siku naye anaharibu meno, anazoea utamu, na mwili wake unaweza kuja kudai deni hilo akiwa na miaka 35. Kwa hiyo soda na biskuti ziondoke nyumbani kwa wote, au zibaki kwa wote kwa siku moja ya wiki inayojulikana, na asiwepo mwenye ruhusa ya peke yake.

Bibi mpe kazi badala ya makatazo. Mwambie kwamba chakula cha saa kumi jioni, watoto wanaporudi, sasa kiko mikononi mwake, na mkubaliane naye kiwe ni nini: mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbivu, kipande cha parachichi, au maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari. Bila shaka anajua kupika loshoro ya mahindi na maziwa, makande, na kiburu cha ndizi na maharage vizuri kuliko sisi sote, na hivyo ni vyakula ambavyo ningefurahi kuona vimerudi kwenye meza za Sakina na Njiro badala ya mikate myeupe ya asubuhi na jioni.

Kama ningetakiwa kuchagua jambo moja tu la kuanza nalo, ningechagua mafuta ya kupikia, kwa sababu hakuna anayeyaona yakiwa mezani. Dumu jipya la lita 5 likifunguliwa, andika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, hesabu siku. Ninyi ni watu sita. Ikiwa dumu limekwisha kwa wiki mbili, basi kila mmoja wenu, pamoja na mtoto mdogo, amekula wastani wa mililita 60 za mafuta kwa siku, ambazo ni vijiko vinne vya chakula. Na kwa kuwa kijiko kimoja kina takribani kalori 120, hizo ni karibu kalori 500 kwa kila mtu kabla hamjahesabu ugali, wali wala nyama. Toa kidogo kwa ajili ya yale mliyoyamwaga baada ya kukaangia, bado utabaki na namba ya kukushtua. Dumu hilohilo likidumu mwezi mzima, mmepunguza nusu, na hakuna aliyenyimwa sahani. Namna ya kufika huko ni rahisi kuieleza ingawa inachosha kuizoea: mafuta yasimiminwe kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye sufuria bali yapimwe kwa kijiko, kitunguu kianze kuiva kwa vijiko viwili na maji kidogo, mnafu uungwe kwa maziwa kidogo, nyanya na kitunguu, viazi vichemshwe au viokwe, na maandazi na chapati viwe vya siku maalumu, si vya kila asubuhi. Siwaambii muache maandazi. Nasema tu kwamba chakula kinachozamishwa kwenye mafuta hakiwezi kuwa kifungua kinywa cha siku saba.

Mezani, wewe na bibi amueni nini kinapikwa na saa ngapi kinaliwa, kisha mwacheni mtoto aamue ashibe kwa kiasi gani. Asilazimishwe kumaliza sahani, wala asisimangwe akiomba mboga zaidi. Maji yawe ndiyo kinywaji cha kawaida. Juisi, hata ile uliyoikamua mwenyewe kwa maembe ya soko la Kilombero, isihesabiwe kuwa ni tunda, kwa sababu glasi moja hubeba sukari ya matunda kadhaa bila nyuzinyuzi zake, na mtoto huimaliza kwa dakika moja.

Jambo linalosahaulika ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri ili awahi basi la shule, na aliyelala saa tatu usiku baada ya kazi za nyumbani na katuni, amelala saa saba na nusu tu, na usingizi pungufu huongeza njaa na hamu ya vitu vitamu siku inayofuata. Hapa lawama ni yetu watu wazima, tuliokubali basi lizunguke nusu ya jiji kabla ya mapambazuko ili kukusanya watoto. Ongea na shule kuhusu njia ya basi. Ikishindikana, televisheni na simu vizimwe kwa wote, wazazi wakiwamo, na mwanao alale walau saa moja mapema kuliko sasa.

Michezo isiwe adhabu ya unene. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuchangamsha mwili hadi moyo uende mbio, na dakika hizo zinaweza kupatikana kwa kuruka kamba, kuendesha baiskeli, kuteka maji, au kutembea na baba hadi sokoni Jumamosi. Kuhusu mpira, tatizo lake si miguu, ni jina. Mwone mwalimu wa darasa ana kwa ana, na hapo nyumbani jina la "Bonge" lisitamkwe hata kwa mapenzi.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa miaka 63. Kwetu ni Marangu, lakini sasa mimi na mke wangu tunaishi Rau, Moshi, kwa mwanangu. Nina kilo 92. Nilipopima hospitali kabla ya kunywa chai, sukari ilikuwa 6.4 na presha ilikuwa 148 kwa 92. Niliambiwa niko mpakani, nirudi kupimwa tena. Tangu siku hiyo wajukuu wananiambia kwamba ndizi ni sumu kwangu, nisile mtori wala machalari, vyakula vyetu vya ndizi na nyama, na mke wangu anapika vyakula viwili, changu na chao. Baba yangu alikula ndizi maisha yake yote, na hakuwahi kuugua kisukari. Je, ni kweli niache ndizi? Na mbege je?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Wajukuu wanakupenda, ila wamekuwa wakali kuliko hospitali. Sukari ya kabla ya kula inayofikia 7.0 huitwa kisukari ikithibitishwa kwa kipimo cha siku nyingine, na iliyo kati ya 6.1 na 6.9, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, ni hali ya hatari ambayo bado haijawa ugonjwa. Presha nayo huhesabiwa kuwa juu kuanzia 140 kwa 90 ikijirudia katika siku tofauti, kwa hiyo usiache kurudi kama ulivyoagizwa, na ukipewa dawa usizikatishe kwa sababu unajisikia vizuri.

Mpakani si mahali pabaya pa kugeuzia gari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama yako, ulionyesha kwamba waliobadili ulaji na kutembea walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Lengo walilowekewa halikuwa la ajabu: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 kwa wiki. Kwako hiyo ni kama kilo 6 na nusu, pamoja na kutembea nusu saa kwa siku tano za wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Sasa ndizi. Habari ya baba yako ina ukweli ambao hata wataalamu waliuona. Mwaka 1989 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Tanzania, vikiwamo vya Kilimanjaro, na waliokutwa na kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100 wakiwa na kisukari, na mtu 1 kati ya 4 akiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Makundi hayo mawili hayalingani kwa umri, wala uchunguzi wa pili haukuishia vijijini, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizo kama mizani miwili ya duka moja. Hata hivyo mwelekeo uko wazi, na ndizi hazikubadilika katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni vilivyozizunguka. Baba yako alipanda na kushuka kihamba, yaani shamba la ukoo mlimani, alibeba mkungu begani na mzigo wa majani ya ng'ombe, alikula nyama kwa sikukuu na sukari kwa nadra. Wewe unakula ndizi zilezile, lakini baada ya chai ya vijiko vitatu vya sukari, pamoja na wali na chapati pembeni, kisha mwanao anakupeleka kanisani kwa gari.

Kula ndizi, mzee. Ziwe robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, samaki au nyama isiyo na mafuta, na nusu nzima iwe mboga. Kiburu, kwa kuwa tayari kina maharage ndani yake, kitakufaa kuliko ndizi za nyama ya mafuta. Mtori upikwe kwa nyama isiyonona, mafuta yanayoelea yaenguliwe kwa upawa, usimalizike kwa kijiko cha siagi, na bakuli hilo liwe ndilo mlo wenyewe, lisiwe kitangulizi cha wali. Ndizi zikiiva, sukari yake huwa imeongezeka, basi moja baada ya chakula yatosha. Ndizi zina madini ya potasiamu ambayo husaidia presha, isipokuwa kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo, kwa hiyo siku utakayorudi kupima waombe waangalie na figo. Kinachopaswa kukusumbua zaidi ya ndizi ni chumvi: kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima hakipaswi kufika gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kikijumlisha ile iliyomo kwenye mkate, supu na vile viungo vya mchemraba. Kikopo cha chumvi kiondolewe mezani.

Mbege ni pombe, hata kama wazee wetu waliiita chakula kwa sababu ya ulezi uliomo. Pombe hupandisha presha na huleta kalori zisizoshibisha. Sitakwambia uikatae kata ya mbege ya ukoo katika kikao cha kifamilia, lakini mbege ya kila jioni kwa mtu mwenye vipimo vyako sikubaliani nayo. Nakuonya mapema pia kuhusu Desemba, watoto wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila boma linachinja: wengi hurudi hospitalini Januari na vipimo vilivyovurugika.

Mwisho, mwombe mke wako aache kupika vyakula viwili. Chakula nilichokieleza ni cha wajukuu pia, kwa kuwa kisukari hufuata familia, na mwanao anayekuendesha kila mahali naye ana umri wa kuanza kupimwa. Chukueni utepe wa fundi cherehani, mpimane viuno katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Mwanamume aliyefika sentimita 94 na mwanamke aliyefika 80 wameingia katika hatari, hata kama nguo bado zinawatosha.

SWALI: Mimi ni binti wa miaka 27, Majengo, Moshi. Sendofu yangu ni baada ya wiki sita. Kuna chai ya mitishamba inauzwa mtandaoni, wanasema inayeyusha tumbo kwa siku kumi. Rafiki yangu ameitumia na amepungua kweli. Je, ni salama?

JIBU: Binti yangu, hongera kwa hatua hiyo. Chai nyingi za namna hiyo huwa na majani ya kuharisha, kama sena, na rafiki yako amepungua maji, ambayo hurudi akinywa na kula kama kawaida. Hizo ndizo zenye nafuu. Zilizo mbaya zaidi huchanganywa dawa zisizoandikwa kwenye lebo, na mojawapo iliyokutwa mara nyingi katika bidhaa za kupunguza uzito ni sibutramini, ambayo iliondolewa katika masoko ya Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Bidhaa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba usiiingize mwilini, hata kama muuzaji ana picha mia za kabla na baada. Kwa wiki sita unaweza kupungua kilo mbili au tatu kwa njia salama, kwa kuacha soda na vyakula vya kukaanga na kutembea kila siku. Na kama gauni bado litabana, fundi ana nafasi ya kulipanua.

SWALI: Nauza mitumba soko la Memorial, Moshi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa mbili usiku, na mara nyingi kwa uchovu napita kununua chipsi mayai za nyumba nzima. Tuko watano pamoja na dada wa kazi. Mama yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mimi nilipima, sukari iko sawa, ila uzito umezidi. Vyakula vya afya ni ghali na muda sina. Nianzie wapi?

JIBU: Pole sana kwa yaliyompata mama. Umefanya vyema kupima mapema, na kwa kuwa mzazi wako ana ugonjwa huo, rudia kila mwaka hata kama hujisikii chochote, kwa sababu kisukari hukaa mwilini miaka bila dalili.

Kuhusu bei, fanya jaribio moja tu: hela ya sahani tano za chipsi mayai, badala ya kuiacha kibandani, ingia nayo soko la Mbuyuni mchana wateja wakipungua. Utatoka na maharage au choroko, fungu la mnafu au mchicha, nyanya, vitunguu na maparachichi, na nina hakika utabaki na chenji. Vyakula ghali ni vile vinavyotangazwa kuwa vya afya, kama nafaka za maboksi na mbegu za kigeni. Dagaa, dona, maharage na mboga za majani havitangazwi na mtu. Dona, kwa kuwa haikukobolewa, hubaki na nyuzinyuzi na kiini cha mahindi, na hushibisha kwa muda mrefu kuliko sembe. Ila nunua mahindi makavu yasiyo na ukungu kabla ya kusaga.

Muda ndio shida ya kweli, na kwa kuwa anayepika ni dada wa kazi, yeye ndiye ninayemwandikia aya hii kupitia kwako. Mara nyingi tunamlaumu dada kwa kumwaga mafuta wakati hakuna aliyewahi kukaa naye akampa kijiko na sababu. Kaeni Jumapili, mpange mboga za siku sita, umwachie hela ya genge, na umwonyeshe kipimo cha mafuta na cha chumvi. Maharage yalowekwe usiku, yachemshwe asubuhi. Kama hakuna friji, apike yale yatakayoisha siku hiyohiyo. Mboga zichambuliwe na kuoshwa kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi ukikaribia kurudi. Watoto wasikusubiri hadi saa tatu usiku. Wale saa moja jioni pamoja na dada, chakula kilekile na meza ileile, wewe utakikuta chako kwenye hotpoti.

Sukari ya chai nayo ipimwe kwa njia rahisi. Mkiwa watano na kilo moja ikiisha kwa siku nne, kila mmoja amekula gramu 50 kwa siku, ambacho tayari ni kikomo cha mtu mzima kabla ya soda, juisi za boksi wala biskuti, na kwa watoto kimeshapitwa. Punguzeni kijiko kimoja kwenye chupa ya chai kila wiki. Ulimi huzoea ndani ya muda mfupi kuliko unavyodhani.

Wewe mwenyewe unakaa juu ya kiti cha biashara saa nyingi, kwa hiyo shuka kituo kimoja kabla ya kwako jioni, palipo na taa na watu, umalizie kwa miguu. Chipsi mayai zibaki kwa Ijumaa kama mnazipenda, sahani mbili zigawanywe kwa watu watano pamoja na kachumbari nyingi ya nyumbani. Na utakapokwenda kupima mwakani, mweleze daktari habari za mama yako kabla hajakuuliza, umwombe akupime na presha, kisha mpeleke na dada wa kazi apimwe, kwa kuwa naye ana kwao na huenda hajawahi kupimwa.